Siku tatu Singapore na mama: mitaa kwanza, maghorofa baadaye

Swali: "Mwezi wa sita nina mkutano wa kazi Singapore, na nimeamua kumchukua mama yangu tubaki siku tatu baada ya mkutano. Mama ana miaka 68. Kila orodha ninayoisoma inanipeleka Marina Bay Sands, Sentosa na Universal Studios. Mimi nimesikia ni mji wa Wachina, Wamalai, Wahindi na Waarabu waliochanganyika, na hicho ndicho ninachotaka kukiona. Mama anatembea vizuri ila jua linamchosha, na sote tunakula halali tu. Twende wapi, na nini tuache?" (Msomaji, Tanga)

Jibu:

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu.

Orodha ulizozisoma hazisemi uongo, ila nyingi zimeandikwa na watu wanaouza tiketi. Hoteli ya Marina Bay Sands na uwanja wa michezo wa Universal Studios vilifunguliwa 2010, bustani ya Gardens by the Bay ikafuata 2012. Vinapendeza, na kimoja nitakwambia mwende. Lakini unachokitafuta wewe kiko kwenye mitaa michache ya zamani, karibu yote bure kuingia, na huko saa ya kwenda ina uzito kuliko mahali penyewe. Asubuhi na jioni tembeeni mitaani, mchana mkae ndani penye kiyoyozi. Mkishika hilo, mama atarudi Tanga akiwa na nguvu zake.

Waingereza walifungua bandari pale mwaka 1819 chini ya afisa wao Raffles, na 1822 wakachora ramani iliyowagawa watu kwa asili zao: Wachina kusini-magharibi mwa mto, Wamalai, Wabugis (mabaharia wa Sulawesi) na Waarabu upande wa mashariki, Kampong Glam, karibu na makazi ya mtawala wa Kimalai, Sultan Hussein. Ile sehemu inayoitwa leo Little India ilikuja kukua baadaye, kwa biashara ya ng'ombe na kazi zilizoifuata. Ramani ilipangwa, watu hawakupangika. Msafiri alijenga nyumba ya ibada pale alipoteremka chomboni, au pale alipopata riziki, bila kuuliza huo ni mtaa wa nani. Ndiyo maana unakuta misikiti na mahekalu ya Kihindi katikati ya mtaa wa Wachina.

Asubuhi ya kwanza anzeni Telok Ayer Street. Kituo cha treni chenye jina hilo hilo kinawatoa hapo hapo. Fikeni mapema, jua bado changa. Singapore iko karibu na ikweta kama sisi, lakini saa zao zimesogezwa mbele, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama saa moja usiku na dakika chache. Simama pale uangalie minara ya ofisi iliyokuzunguka, kisha mwambie mama kwamba hapa ndipo ilipokuwa pwani. Mpaka miaka ya 1880, kabla bahari haijafukiwa, maji yalikuwa mbele ya milango hii. Mtu aliteremka kutoka jahazini, akavuka barabara, akamshukuru Mungu wake.

Wachina wa Hokkien walishukuru Thian Hock Keng, hekalu lililojengwa kati ya 1839 na 1842 kwa ajili ya Mazu, mlinzi wa mabaharia. Mlangoni kuna kizingiti kirefu: kivukeni, msikikanyage. Ndani hakuna atakayewasumbua, na kama mama hapendi kuingia hekaluni, ua wa mbele unatosha kuona mapaa yenye mazimwi na nguzo zilizochongwa. Hatua chache tu mtaa huo huo kuna Nagore Dargah, kijengo cheupe chenye vinara na matundu madogo madogo mithili ya jumba la kifalme la kuchezea. Waislamu wa Kitamil, wanaoitwa Chulia, walikijenga kati ya 1828 na 1830 kumkumbuka walii wao wa Nagore, Shahul Hamid. Siku hizi ni kituo cha historia ya Waislamu wa asili ya India. Endeleeni kidogo mtafika msikiti wa Al-Abrar, ambao Watamil waliuita Kuchu Palli, msikiti wa kibanda, kwa sababu ulianza 1827 kama kibanda tu. Mtaa huo huo una kanisa la Wamethodisti wa Kichina lililojengwa miaka ya 1920, lenye banda la Kichina juu ya paa. Yote hayo mtu anayazunguka kwa mwendo wa mama, na vituo vya kupumzika, kabla ya saa nne.

Mkiwa bado na nguvu, South Bridge Road iko karibu. Huko msikiti wa Jamae, kazi ya Chulia wale wale, umetenganishwa na hekalu la Sri Mariamman kwa upana wa barabara ndogo tu. Hekalu lilianzishwa 1827 na ndilo la Kihindu kongwe zaidi mjini, na mnara wake umejaa masanamu ya rangi tangu chini hadi kileleni. Barabara hiyo ndogo inayovitenganisha, Pagoda Street, imejaa sumaku za friji na fulana. Pigeni picha, msinunue kitu.

Jua likipanda, kimbilieni Asian Civilisations Museum, ukingoni mwa mto. Hapa kuna kiingilio, na ndicho kiingilio ambacho sitakubali mkiruke, kwa sababu ya chumba kimoja. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, wazamiaji walikuta chombo kilichozama karne ya 9, kikitoka China kuelekea upande wa Waarabu na Waajemi. Kilibeba vyombo vya udongo zaidi ya 50,000, vingi vikiwa bakuli za tanuri za Changsha, China. Moja imeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Ukifika sogea karibu na kioo. Bakuli zilipangwa ndani ya mitungi mikubwa ya kijani, moja ndani ya nyingine kwa mzunguko, hazikuachiwa nafasi ya kugongana. Kila moja imechorwa kwa mkono, haraka haraka, kwa rangi ya kahawia na kijani: ndege, samaki, jani, wingu, na michoro mingine inayoiga maandishi ya Kiarabu, imechorwa na fundi ambaye huenda hakujua kuyasoma.

Sasa chombo chenyewe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, hakuna msumari. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Mitepe ya Lamu ilishonwa hivyo hivyo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Na vigae vya bakuli za Changsha vimechimbuliwa pia Shanga, kisiwani Pate. Biashara iliyoujenga mji huu na iliyoijenga pwani yetu ilikuwa moja, na pale makumbusho utaiona ikiwa imelala kwenye kabati. Watalii wengi hukipita chumba hicho wakielekea kwenye dhahabu. Ninyi kaeni.

Jioni ya siku hiyo ndiyo ya Marina Bay, maana makumbusho yako jirani. Sanamu ya Merlion, kichwa cha simba na mwili wa samaki, iliyozinduliwa 1972, hutazamwa bure na inatosha dakika kumi. Kisha nendeni Gardens by the Bay kwenye ile miti mikubwa ya chuma, mirefu yake ikifika mita 50, iliyofunikwa mimea hai. Bustani ya nje ni bure, na maonyesho ya taa na muziki kwa kawaida huanza saa mbili kasorobo na kurudiwa saa tatu kasorobo usiku. Tafuteni pa kukaa chini ya miti, mama alaze kichwa nyuma atazame juu. Daraja la kupita katikati ya miti lina tiketi yake, na kwa maoni yangu mandhari ni nzuri zaidi kutoka chini. Lile bwawa la kuogelea la juu ya paa la Marina Bay Sands mnaloliona kwenye picha ni la wageni wa hoteli peke yao, msije mkapanda lifti bure.

Siku ya pili ni ya Kampong Glam, lakini msiende moja kwa moja. Asubuhi piteni Waterloo Street. Kwenye orodha nyingi mtaa huu haupo kabisa, nami ningeacha kisiwa kizima cha burudani cha Sentosa kwa ajili yake. Hekalu la Wachina la Kwan Im Thong Hood Cho, la mwaka 1884, limekaa ubavuni mwa hekalu la Kihindu la Sri Krishnan, la mwaka 1870. Mbele kuna akina mama wanaouza maua ya mayungiyungi. Watu wanatoka kusali kwa Kwan Im, mungu wa kike wa huruma, wanapiga hatua chache, wanasimama mbele ya Krishna na kuchoma udi tena. Wahindu wameweka chombo cha kuchomekea vijiti vya udi, kwa sababu majirani hawa hawaachi kuja. Kaeni pembeni mtazame. Ndani ya hekalu la Kwan Im hawapendi kupigwa picha. Mtaa huo huo una sinagogi ya Maghain Aboth, ya mwaka 1878, ambayo mtaiona kwa nje tu, maana kuingia kunahitaji mpango wa mapema.

Kutoka hapo Little India ni mwendo mfupi wa treni au teksi. Nitasema machache, kwa sababu huko mtu hahitaji maelezo, anahitaji pua. Soko la Tekka lina samaki, ndizi, majani ya kari na bizari chini, nguo juu, na biriani pembeni. Mama atalielewa soko hilo kuliko mimi. Msikose msikiti wa Abdul Gafoor, Dunlop Street, uliojengwa kuanzia 1907: juu ya mlango wake mkuu kuna jua lililochongwa lenye miali 25, na kila mwali umeandikwa jina la nabii. Mwambie mama ayasome kwa sauti. Wapita njia watasimama.

Mchana rudini hotelini mlale. Nasema kweli. Halafu alasiri ikiingia, nendeni Kampong Glam mkae mpaka baada ya isha.

Msikiti wa Sultan mnaouona leo, wenye kuba la dhahabu, ulikamilika 1932 mahali pa ule wa kwanza wa miaka ya 1820. Mkiwa Bussorah Street, tazameni pale kuba linapokaa juu ya ukuta. Kuna mkanda mweusi unaong'aa. Hayo ni matako ya chupa za kioo. Wakati wa kuchanga, waliokuwa na uwezo walitoa fedha, na maskini wakaombwa walete chupa, ili kila Mwislamu awe na sehemu yake ndani ya jengo. Mtu asiyeambiwa hupiga picha kuba na kuondoka bila kuuona huo mkanda. Wageni wasio Waislamu wana saa zao za kuingia; ninyi mtaingia kuswali, na wanawake wana nafasi yao. Sikilizeni vizuri magharibi, maana adhana hamtaisikia ikitanda mji mzima kama kwetu. Tangu miaka ya 1970 vipaza sauti vya misikiti viligeuzwa vielekee ndani, na adhana hutolewa redioni. Watu wa Pwani huwashtua sana jambo hili, wenyeji wameshalizoea.

Mitaa ya hapo inaitwa Baghdad, Kandahar, Muscat, Arab. Muscat Street ilitengenezwa upya 2012 kwa ushirikiano na Oman, na matao yake yamechongwa nakshi za Kiomani. Waliofanya biashara hapa kwa wingi walikuwa Wahadhrami. Koo za Alsagoff, Aljunied na Alkaff zilimiliki ardhi, majumba na meli za mahujaji, na zilitoka Hadhramaut, kule kule walikotoka masharifu wa Lamu na Mombasa. Nendeni pia Beach Road, msikiti wa Hajjah Fatimah, wa miaka ya 1840. Bi huyo alikuwa mfanyabiashara mwenye meli zake, akajenga msikiti kwa mali yake mwenyewe baada ya kunusurika na wezi na moto, na amezikwa hapo hapo pamoja na bintiye, aliyeolewa na mmoja wa akina Alsagoff. Mnara wake umeinama, na si macho yenu.

Mama akiwa mtu wa maulidi na ziara, muulize kama angependa kwenda kwa Habib Noh, upande wa Tanjong Pagar. Ni sharifu aliyefariki 1866, na kaburi lake liko juu ya kilima kidogo pembeni ya msikiti wa Haji Muhammad Salleh, limebanwa na barabara za juu. Kuna ngazi za kupanda, kwa hiyo mwende asubuhi. Watalii hapo ni nadra, na wenyeji humkaribisha mgeni vizuri.

Siku ya tatu nendeni Joo Chiat na Geylang Serai, mashariki mwa mji. Joo Chiat ni kwa Peranakan, watoto wa wafanyabiashara Wachina waliooa wanawake wa nchi hizi za Kimalai karne nyingi zilizopita, wakawa na mapishi, mavazi na maneno yao. Nyumba zao za Koon Seng Road zimepakwa rangi za waridi, samawati na kijani kibichi, na vigae vya maua ukutani. Kuna watu wanaishi humo, kwa hiyo msikae kwenye vibaraza vyao kupiga picha, kama wanavyofanya wengi. Kama vazi la kebaya na viatu vya shanga vitamvutia mama, makumbusho ya Peranakan, Armenian Street, yana hazina yake. Geylang Serai ni soko la Wamalai, na ghorofa ya juu mnaweza kula bila kuuliza swali. Jioni malizieni Botanic Gardens, iliyoanzishwa 1859 na kuingizwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Ni bure, isipokuwa sehemu ya okidi.

Sentosa na Universal viacheni. Ni vya watoto na vya wenye pesa za kuchezea, na vitakula siku nzima ya mama. Clarke Quay usiku ni baa mtindo mmoja.

Chakula: takwimu za sensa ya 2020 zinaonyesha wakaazi wa asili ya Kichina ni asilimia 74, Wamalai 13.5 na Wahindi 9, kwa hiyo nguruwe hupikwa kila mahali, lakini halali iko kila mahali pia. Tafuteni alama ya MUIS, baraza la Kiislamu la huko, ukutani mwa kibanda. Kuleni kwenye hawker centre, yaani majumba ya vibanda vya vyakula, utamaduni ulioandikishwa UNESCO mwaka 2020. Sahani huwa kama dola 5 hadi 8 za Singapore, na mgahawa wa kawaida utawatoza mara tatu. Mkiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, meza hiyo ina mwenyewe, kaenda kupanga foleni. Na ninyi fanyeni hivyo hivyo. Mkimaliza rudisheni trei wenyewe, ni sheria, na kuna rafu ya trei za halali peke yake. Mkabala na msikiti wa Sultan kuna migahawa ya murtabak ya miaka mingi. Ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa, mkubwa zaidi, unaliwa na mchuzi wa kari. Agizeni mmoja mgawane kwanza. Kwa nasi padang, yaani wali na vitoweo vya kuchagua, onyesha kwa kidole unachotaka, kila kijiko kinahesabiwa.

Mambo madogo yaliyobaki. Jazeni fomu ya kuingia, SG Arrival Card, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure kwenye tovuti ya uhamiaji, na anayekudai pesa ni dalali. Bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, hasa mkipitia Nairobi, na muangalie masharti ya viza kabla ya kukata tiketi. Treni na mabasi hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki, kila mtu na kadi yake, kwa hiyo mpe mama ya kwake. Ndani ya treni hakuna kula wala kunywa, hata maji, na faini ni ya kweli. Bazoka, yaani chingamu, acheni nyumbani. Viatu viwe vya kuvua haraka, maana mtavua mara nyingi kwa siku. Mwavuli mmoja mkubwa utawafaa kwa jua na mvua, na kanga moja mkobani kwa ajili ya mama, si kwa stara tu: kiyoyozi cha treni zao kinatia baridi, na wazee wetu wengi hurudi na kikohozi cha kule.